Mamba Kwenye Mto

Tulimwacha Kitinda amefumba macho, mikono kifuani, akingoja sauti ya Tufani itoke kwenye spika. Wiki nzima mmeniuliza: ilitoka au haikutoka? Ilitoka. Afadhali isingetoka.

Kwa anayeanza kusoma leo, nisimpoteze njiani. Kitinda ni kitinda mimba wa Mama Magodoro, yule anayeshona magodoro na mito pale kwenye kona. Nyuma ya karakana yao kuna chumba alichopanga Fundi, mtu wa kurekodi nyimbo, na kuta zake zimefunikwa magodoro mabovu ya Mama ili sauti isivuje. Humo ndimo Kitinda alimoimba "Mto", wimbo wa msichana aliyeachwa, hana wa kumwambia shida zake isipokuwa mto anaoulalia.

Wimbo ukashika. Wasusi wanauimba, wapishi wanauimba, hata mlinzi wa getini anaupiga mluzi huku amesinzia. Na sasa unatakiwa kutoka mara ya pili, rimiksi, ameshirikishwa Tufani. Ndiyo, Tufani mwenyewe, yule ambaye akikohoa kwenye maiki watu wanacheza.

Rimiksi ilikuwa ipigwe redioni alasiri hiyohiyo. Ilishatangazwa. Meneja alikuwa ameleta sauti ya Tufani kwenye flashi, imefungwa ndani ya leso kama pete ya uchumba. Fundi akaipandisha kwenye kompyuta, akabonyeza.

Mdundo ukaja, kinanda kikaja, kisha kibwagizo cha Kitinda:

*Mto wangu, usiseme, uliniona nalia.*

Halafu zamu ya mgeni. Sauti nene, ya kifua, ya mtu aliyeshiba:

*Nipo ng'ambo ya mto, mpenzi, mtumbwi umevuja,*
*Mamba kanitolea meno, na kiboko anakuja.*

Kitinda akafumbua macho.

"Mamba?" Mama akauliza.

Fundi akajifanya anatafuta kitufe.

"Nauliza, huyo amesema mamba, au ni masikio yangu yamejaa sufi?"

"Amesema mamba, Mama," Dada akajibu.

Dada ni mkubwa wake Kitinda. Alikuwa ameegemea mlango, sufi imemganda nywele nzima kama mtu aliyezeeka asubuhi moja. Ni mtu wa maneno machache. Ukimletea habari, anakujibu kwa nyusi.

"Mimi najaza mito tangu sijaolewa," Mama akasema. "Nimekuta humo vitambaa, nimekuta maganda, siku moja nimekuta soksi ya mtu. Mamba sijapata kumkuta."

"Rudisha nyuma, Fundi," Kitinda akasema. "Labda ni mafumbo."

Fundi akarudisha. Hayakuwa mafumbo. Mara hii walisikia na kasia.

Kitinda akamgeukia Meneja. Huyu Meneja ni kijana mtanashati, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukukata, na siku hizi hakosi sababu ya kupita karakanani. Mito aliyokwisha kununua, Mama husema, inatosha bweni zima.

"Meneja," Kitinda akamwambia polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "wimbo wangu unahusu nini?"

"Mto."

"Mto upi?"

Meneja akatazama dari. "Ah. Hapo ndipo penye mushkeli."

"Ulimwambia ni mto wa kulalia?"

"Tufani ana shughuli nyingi, mdogo wangu. Aliambiwa jina la wimbo, akapewa mdundo, basi. Mtu akisikia mto, anawaza maji."

"Mtu mwenye kichwa akisikia mto anawaza usingizi," Mama akasema.

"Kwa hiyo mimi nimeachwa," Kitinda akasema, "niko kitandani nalia, halafu kiboko anapita katikati ya chumba."

"Tena mbio," Fundi akaongeza, akajiuma mdomo.

Cheka, msomaji, lakini mhurumie binti wa watu. Miaka yote mtaani alikuwa "yule mtoto wa magodoro". Ni wimbo huu uliowafanya watu wamwite kwa kazi yake. Ukitoka na mamba, kesho kila atakapopita ataulizwa kama majeraha yamepona. Ukitoka bila Tufani, hautoki kabisa, maana redio imemtangaza Tufani, haikumtangaza Kitinda. Na wimbo ulioahidiwa usipotoka, watu hawaungoji. Wanatafuta mwingine.

"Mpigie," akasema. "Aimbe upya. Ubeti mmoja tu."

"Simu yake imezimwa. Amejifungia mazoezini. Akijifungia, hata mama yake mzazi hampati."

"Basi tukate."

Meneja akasimama kama aliyekalia sindano. "Hakuna kukata. Hata neno moja. Ukigusa ubeti wa Tufani, na jina la Tufani linatoka. Ubeti ule umepangwa, una vina, una mizani. Msiuguse."

Alisema kwa uchungu mpaka Fundi akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Unausemea kama umeuzaa wewe," Mama akamwambia.

Meneja akakohoa.

"Nijaribu tu, kwa kusikiliza," Fundi akasema. "Hautatoka humu ndani." Akamwondoa mamba. Akamwondoa kiboko. Akaondoa mtumbwi, na meno, na kasia. Akapiga kilichobaki:

*Nipo... mpenzi... kanitolea... anakuja.*

Wote wakatazamana.

"Kanitolea nini?" Mama akauliza. "Fundi, rudisha meno haraka. Nina mabinti hapa."

Fundi akarudisha meno, na mamba akarudi nayo.

"Ila ana sauti nzuri," Dada akasema.

Vichwa vyote vikamgeukia. Dada kusema bila kuulizwa ni jambo la mwaka. Akainamisha uso, akaanza kujitoa sufi kichwani, uzi mmoja mmoja, kama kwamba ndiyo kazi iliyomleta hapo.

Kitinda akatoka. Alipita katikati ya marobota ya sufi, akaenda kukaa mbele ya karakana, juu ya godoro la mteja lililosubiri kushonwa kingo. Alasiri ilikuwa inakuja kwa miguu yake yote miwili. Meneja akamfuata, akasimama mlangoni.

"Utoke hivyohivyo," akambembeleza. "Watu hawasikilizi maneno. Watu wanacheza tu."

"Watu wangu mimi wanasikiliza. Hata wimbo wenyewe hauchezeki, Meneja. Ni wa kulala."

"Jina la Tufani litaufunika mto wote."

"Na mamba wake?"

Meneja akanyoosha mkunjo wa shati.

Hapo akaingia mteja, mama mmoja wa nyumba za nyuma, amebeba kitu kwa mikono miwili, amekitanguliza mbele kama mtoto aliyejikojolea.

"Mama Magodoro, hodi. Nimekurudishia mtu wako."

Mama akatoka nyuma, sindano yake ndefu mkononi. "Umeniletea nini hicho, shoga yangu?"

"Mto. Si ulinishonea wewe mwenyewe? Paa langu linavuja, na mvua ya juzi ilikataa kumwagika mahali pengine popote."

Mama akaupokea. Akauinua kwa ncha moja. Maji yakachuruzika, yakapita kwenye kidole gumba chake, yakaingia kwenye ndara, yakatoka upande wa pili, yakaelekea mlangoni.

"Uliondoka hapa mto," Mama akasema, "umerudi mto."

Mteja akaangua kicheko. Mama hakucheka, kwa sababu ndara kavu ilibaki moja tu.

Kitinda akasimama. "Mama, sema tena."

"Niseme nini?"

"Ulivyosema sasa hivi."

"Nimesema uliondoka mto, umerudi mto. Na haukaukii ndani ya karakana yangu, ukaukie kwake na paa lake..."

Hakumaliza, maana aliyekuwa anaambiwa hakuwapo tena. Alikuwa ameruka robota, amempita Dada, ameingia kwa Fundi na kufunga mlango nyuma yake.

"Fundi, nifungulie nafasi. Baada ya ubeti wake. Ndefu kama wake."

"Maneno yako wapi?"

"Yako mdomoni. Ukinichelewesha nayameza."

Fundi alimjua. Akamvalisha vipokea sauti, akabonyeza. Sauti nene ikapita na mtumbwi wake unaovuja, mamba akatoa meno, kiboko akaja. Mdundo ukatulia. Kitinda akasogea kwenye maiki, akamjibu yule mwanamume kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka jirani asikie:

*Nililia tone tone, foronya ikalowana,*
*Foronya kawa ukingo, na ng'ambo sikuiona.*
*Mto niliolalia ndio mto wa kuvuka,*
*Umeondoka kwa siri, na sasa mamba kazuka.*

Mmemwelewa? Mwanamume alimwacha kimyakimya. Msichana akalia juu ya mto wake mpaka mto wa kulalia ukageuka mto wa maji, una kina, una wanyama. Leo yule bwana anataka kurudi, na machozi aliyoyasababisha ndiyo yaliyomfungia njia. Mamba hajapotea tena. Yupo kazini.

Fundi alivua vipokea sauti vyake, akaviweka mezani taratibu. "Kitinda," akasema, "wewe utakufa vibaya. Umempika mtu kwa kuni zake mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Wote walikuwa wamejipanga nje, masikio kwenye mlango usio na godoro, na mteja mwenye mto wake unaochuruzika akiwemo.

"Sasa mamba nimemwelewa," Mama akasema. "Na amle."

"Asimle, jamani," mteja akasema. "Amjeruhi tu, ajifunze."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yao, macho yamelowa. "Umenijibu vizuri sana," akasema. Halafu upesi: "Umemjibu. Umemjibu Tufani vizuri sana."

Dada akainua unyusi mmoja.

Fundi akaushona wimbo, akausikiliza mwanzo mwisho, akampa Meneja kwenye flashi ileile. Kisha msafara ukaondoka, Fundi akiwemo. Mama alifunga karakana na aproni yake kiunoni, akisema yeye haendi kusikiliza wimbo, anakwenda kuhakikisha binti yake anarudi. Dada naye akasema anakwenda. Hakueleza sababu. Njiani alitembea upande mmoja na Meneja, wameachana nafasi ya mtu mzima kupita, na kila Mama alipogeuka nafasi ile ikawa pana zaidi.

Kituo cha redio kiko ghorofani, juu ya duka la miwani. Mtangazaji wa alasiri alikuwa mwanamke mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Aliwaketisha pembeni ya meza, akawagawia vipokea sauti, akamvua Mama sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kilemba, akaiweka mbali na nyaya.

"Mama, ukitaka kukohoa, niguse kwanza."

"Nikitaka kusema je?"

"Nako uniguse."

"Nitakuchosha bega, mwanangu."

Mtangazaji akacheka, akawasha maiki. "Msikilizaji, tulikuahidi na leo tumetimiza. 'Mto', rimiksi, Kitinda akimshirikisha Tufani. Wote wawili? Mmoja ninaye hapa, mwingine tunaye moyoni. Sikiliza."

Wimbo ukaanza. Kitinda hakuusikiliza wimbo, aliusikiliza mtaa. Dirisha lilikuwa wazi, na chini, kwenye duka la miwani, mtu aliongeza sauti ya redio. Akapita mamba. Chini kukalipuka kicheko. Kitinda akafunga ngumi juu ya magoti. Akaja kiboko, kicheko kikazidi, kikavuka barabara kikapokelewa na wanaume wa gereji. Kisha mdundo ukatulia, yeye akaanza kujibu, na kicheko kikakatika kama kimezimwa kwa swichi. Gereji nzima haikugonga hata chuma kimoja.

Wimbo ulipokwisha, simu zilikuwa zimejaa.

"Nipo hewani?" Mwanamke wa kwanza alikuwa anapumua kwa nguvu. "Mimi ni mshonaji. Mamba amenichekesha nikaacha pasi juu ya gauni la watu, limeungua. Halafu huyo binti akanijibu, nikalia. Sasa mwenye gauni akija mumwambie ninyi, mimi sina la kumwambia."

"Pole, dada yangu. Simu nyingine."

"Mwambieni Tufani asivuke," mwanamume mmoja akasema. "Abaki hukohuko. Alivyoondoka alituaga?"

Kitinda alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mama alimgusa Mtangazaji begani, akaambiwa aseme, akasema kwamba mito ileile inapatikana kwenye karakana ya kona, mikavu. Meneja alikuwa ameketi kwenye ncha ya kiti, anang'aa kama sufuria mpya.

"Simu ya mwisho," Mtangazaji akasema. "Tunaye nani?"

"Tufani."

"Tufani yupi?"

"Tupo wangapi?"

Mtangazaji akanyoosha mgongo. Kitinda akashika meza. Lakini mimi nawaambia, aliyekuwa wa kutazamwa ni Meneja. Ule mng'aro ulimtoka usoni wote kwa mpigo mmoja.

"Karibu, kaka," Mtangazaji akasema. "Tumeambiwa umejifungia mazoezini."

"Nipo kwa kinyozi." Sauti yake ya kwenye simu ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, haina kifua hata kidogo, na nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma. "Nimekaa hapa, kichwa kimenyolewa nusu, nasikia wimbo wangu ambao sikuuimba. Kinyozi amenipongeza. Wateja wamenipongeza. Nimeona aibu kula pongezi za mtu mwingine, ndiyo maana nimepiga. Wimbo mzuri. Huyo binti ni hatari. Lakini anayezungumza na mamba si mimi."

Mtangazaji akazungusha kitufe ambacho hakikuhitaji kuzungushwa.

Uso wa Kitinda ukapoa. Mwimbaji akiambiwa ameimba vibaya, anakwenda kujifunza. Akiambiwa amewadanganya watu, anakwenda wapi? Mtaa wote uliomsikiliza umenyamaza sasa hivi, na unamsikiliza tena.

"Kitinda," Mtangazaji akasema, sauti yake nene imepungua kilo, "umeimba na nani?"

"Mimi nililetewa sauti. Niliambiwa ni ya Tufani."

"Na nani?"

Hakutaja. Hakukuwa na haja. Fundi, Mama, Dada, wote walishageuka.

Meneja alisogeza maiki kama anasogeza sahani ya dawa. "Ni mimi," akasema.

Na kwenye maiki sauti iliyotoka ilikuwa ileile. Nene. Ya kifua. Ya mtu aliyeshiba.

"Kabla sijawa meneja nilikuwa naimba kwenye arusi," akaendelea. "Nilimtafuta Tufani, akasema mwezi ujao."

"Ni kweli," Tufani akasema kwenye simu. "Nilimwambia mwezi ujao."

"Na redio ilishatangaza leo. Niliogopa wimbo utakufa. Nikaingia chooni kwangu, pana mwangwi mzuri, nikaimba."

"Ndiyo maana nilisikia bomba," Fundi akanong'ona.

"Lakini wewe wimbo unaujua," Kitinda akamwambia. "Unakuja karakanani kila siku, unausikia. Unajua ni mto wa kulalia. Umetusimamisha pale, umemwacha Mama anagombana na mamba, kumbe unajua. Kwa nini uliimba habari za mto wa maji?"

"Tufani hawezi kuimba foronya," Meneja akasema. "Nani angeamini? Tufani akiimba lazima kitu kikubwa kianguke. Nikatafuta kitu kikubwa. Nikampata mamba."

Kwenye simu kukalipuka kicheko. "Hapo amenijua," Tufani akasema. "Amenijua kabisa. Hata mimi ningeweka kiboko."

"Ungeniambia ukweli," Kitinda akasema.

"Ningekwambia, 'Kitinda, imba na mimi,' ungekubali?"

Kitinda akainamia meza. Asingekubali, na wote waliokuwa mle ndani walijua.

"Sikilizeni," Tufani akasema. "Wimbo si wa meneja, wala si wangu. Ni wa huyo binti. Achague. Akinitaka, nainuka hapa hivi nilivyo, kichwa nusu, nakuja hapo tuuimbe upya, jina langu libaki na mambo yaishe. Akimtaka huyo wa chooni, jina langu litoke, na mimi sina kinyongo. Aseme tu sasa, maana wateja wa kinyozi wamepanga foleni na hakuna anayenyolewa."

"Umesikia, Kitinda," Mtangazaji akasema. "Na watu wamesikia. Sema."

Hebu fikiria uzito wake. Tufani alikuwa anampa mkono mbele ya kila mtu. Akiushika, "Mto" utafika kusikojulikana hata jina la mtaa wao. Akiuacha, atabaki na ubeti wa mtu aliyeimba karibu na bomba, na wimbo wake utalazimika kutembea kwa miguu yake wenyewe.

Fundi alimnong'oneza, "Tufani. Sema Tufani." Mama alikuwa anamkazia macho Meneja, anampima kama godoro lililorudishwa.

Kitinda akamtazama dada yake.

Dada alikuwa amekunja vidole mpaka vimekuwa vyeupe. Hakuinua nyusi. Alikuwa anamtazama Meneja alivyoinama, na uso wake ulikuwa umeachwa wazi kabisa, kama mlango ambao mtu alitoka mbio akasahau kuufunga. Siku zote hizo Kitinda alikuwa ameona hiki na kile: vikombe viwili vya chai nyuma ya marobota, kicheko kinachokatika akiingia, Dada anayejipaka mafuta usoni kwenda kujaza sufi. Alikuwa ameona, akanyamaza, akangoja waseme wenyewe.

Akarudia kichwani ule ubeti. *Nipo ng'ambo ya mto, mpenzi.* Mtu anaingia chooni peke yake, anaimba namna ile, kifua chote, kwa ajili ya redio tu?

Akasogeza maiki.

"Kaka Tufani, asante. Asante sana, na Mungu akuzidishie. Malizia kunyoa kichwa." Akavuta pumzi. "Jina lako litoke. Wimbo ubaki ulivyo. Abaki shemeji."

Neno lilishatoka. Neno likiponyoka nyumbani, unalikimbilia ukalifunika na sufuria. Likiponyoka redioni, limeshafika gereji.

Kitinda akajifunika mdomo. Meneja akawa kama picha. Fundi akapata shughuli ya ghafla kwenye kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndara.

"Shemeji?" Mtangazaji akauliza, taratibu, kama mtu anayeonja.

Mama akasimama. Alivua vipokea sauti kichwani, akavitua mezani, na safari hii hakumgusa mtu bega.

"Shemeji wa nani?"

Kwenye simu, Tufani alisikika akisema, "Kinyozi, hebu zima mashine," na mashine ikazimika.

Hapo Dada, yule wa maneno machache, akainuka kwenye kiti chake. Akapita mbele ya Meneja, akapita mbele ya mdogo wake, akaivuta maiki mpaka ikamgusa mdomo.

"Mama," akasema, na mtaa mzima ukamsikia, "kaa kwanza."